Ajabu Wameichapa, Hoja Wameitupa

Kuna ugonjwa mmoja wa uandishi ambao nimeuvumilia vya kutosha, nao ni ule wa kumpa msomaji ajabu bila ya kumpa jambo lenyewe. Magazeti yamejaa visanduku vya "Je, Wajua?" Je, wajua kwamba mwigizaji fulani nusura aikatae nafasi iliyompa jina? Je, wajua kwamba damu ile uliyoiona katika filamu ilikuwa sharubati? Msomaji husoma, husema "Lo!", akageuza ukurasa. Kesho akiulizwa amejifunza nini hana jibu, na wala si kosa lake, maana hakupewa kitu cha kushika.

Mimi si adui wa mambo ya nyuma ya pazia. Nayapenda. Ninachopinga ni desturi ya kuyageuza kuwa pipi. Nitatoa mfano mmoja tu, na nitaung'ang'ania, kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo dhuluma hii imefanywa wazi kiasi hiki. Mfano wenyewe ni sehemu moja ya katuni ya Kimarekani iitwayo Futurama.

Kwa wasioijua: ni vichekesho vya televisheni vilivyojengwa juu ya hadithi za kisayansi. Vilibuniwa na Matt Groening, yule yule wa The Simpsons, akaviendeleza pamoja na David X. Cohen, vikaanza kuonyeshwa mwaka 1999. Kijana mmoja mchukuzi wa piza, jina lake Fry, anagandishwa usiku wa kuukaribisha mwaka 2000, anazinduka miaka elfu moja baadaye, na kupata kazi katika kampuni ya kupeleka vifurushi kwenye sayari za mbali. Kampuni ni ya Profesa mzee aliyepitiliza uzee. Humo wamo Leela mwenye jicho moja, Amy mwanafunzi, Hermes karani, Zoidberg, daktari mwenye umbo la kaa ambaye tiba haijui, na Bender, roboti mwizi na mlevi. Kituo cha kwanza kilikitupa kipindi hicho mwaka 2003. Kikarudi kwa njia ya filamu za DVD, kisha mwaka 2010 kikahamia kituo cha Comedy Central.

Sehemu ninayoizungumzia ilionyeshwa tarehe 19 Agosti 2010. Inaitwa "The Prisoner of Benda", jina linaloidhihaki riwaya ya Anthony Hope ya mwaka 1894 iitwayo The Prisoner of Zenda, ambayo mtu anakaa mahali pa mfalme kwa kuwa wamefanana. Mwandishi wa sehemu hiyo ni Ken Keeler. Profesa na Amy wanaunda mashine ya kubadilishana akili: watu wawili wanaketi, mashine inanguruma, akili ya huyu inaingia mwilini mwa yule na ya yule mwilini mwa huyu. Profesa anataka ujana, Amy anataka kula bila kujali unene. Wakishachoka wanagundua kasoro. Mashine haifanyi kazi mara mbili kwa miili ile ile miwili. Wakiketi tena, haitokei kitu. Na kwa kuwa kila mtu pale ana tamaa yake, Bender akitaka mwili wa kumwezesha kuiba taji la mfalme, Leela akiwa na lake, wanazidi kubadilishana mpaka viumbe tisa wamevurugana, mmojawapo akiwa ndoo ya kusafishia sakafu yenye akili za roboti.

Ile ajabu ya "Je, Wajua?" ni hii: ili kuwatoa wahusika wake katika mtego huo, Keeler alitunga kanuni ya hisabati na kuithibitisha, na uthibitisho wenyewe ukaandikwa ubaoni ndani ya katuni, ukaonekana kwa sekunde chache. Ni kweli tupu. Keeler alikuwa na shahada ya uzamivu ya hisabati ya matumizi kutoka Harvard, na kabla ya kuandika vichekesho alifanya kazi katika maabara za Bell. Sehemu hiyo ikapata tuzo ya chama cha waandishi wa Marekani mwaka 2011.

Mwaka 2015 nililiandikia gazeti moja makala juu ya jambo hili. Nimefundisha hisabati shule za sekondari kwa miaka mingi, nikaona nimepata nilichokuwa nakitafuta: hisabati ya kweli, isiyohitaji hata kujumlisha, iliyozaliwa ndani ya kichekesho. Nilitumia aya sita kuonyesha jinsi kanuni ile inavyofanya kazi. Mhariri alizikata zote sita. Alichoacha ni kwamba mwandishi ana shahada kubwa, kwamba kanuni ilitungwa, kwamba ilipata tuzo. Juu yake akaweka kichwa cha habari chenye alama mbili za mshangao. Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole kabisa kwamba msomaji wa kawaida hatazifuata hesabu, na kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa mambo hayo.

Kitabu hiki nakichapa kwa fedha yangu mwenyewe, kwa hiyo leo hakuna wa kukata. Na tuone kama msomaji wa kawaida hataweza kufuata.

Anza na jambo dogo. Fry na Zoidberg wamebadilishana. Akili ya Fry imo katika mwili wa Zoidberg, na ya Zoidberg imo katika mwili wa Fry. Mashine haiwezi kuwarudisha, kwa kuwa jozi yao imekwisha kutumika. Tafuta watu wawili wa nje, ambao hawajapata kuikalia mashine hiyo. Tuwaite Msaidizi wa Kwanza na Msaidizi wa Pili.

Uketishe mwili wa Fry pamoja na Msaidizi wa Kwanza. Akili ya Zoidberg iliyokuwamo mwilini mwa Fry inahamia kwa Msaidizi wa Kwanza. Halafu uketishe mwili wa Zoidberg pamoja na Msaidizi wa Pili. Akili ya Fry inahamia kwa Msaidizi wa Pili. Hadi hapo unaona tumezidisha vurugu tu. Lakini sasa pishanisha. Uketishe mwili wa Fry pamoja na Msaidizi wa Pili, ambaye ndiye anayeishika akili ya Fry: Fry amerudi kwake. Uketishe mwili wa Zoidberg pamoja na Msaidizi wa Kwanza: Zoidberg naye amerudi kwake. Wamesalia wasaidizi wawili, kila mmoja akiwa mwilini mwa mwenzake. Je, hao wawili wamewahi kuketi pamoja? Hata mara moja. Basi waketi, wabadilishane, waende zao. Mabadilishano matano, hakuna jozi iliyorudiwa.

Mbona wawili? Kwa nini mmoja asitoshe? Jaribu. Ukiwa na Fry, Zoidberg na msaidizi mmoja, jozi zilizopo ni tatu tu, na ya Fry na Zoidberg imekwisha kuliwa. Zimebaki mbili. Ukizitumia zote mbili, kwa utaratibu wowote, mmoja wa wale wawili anafika nyumbani, ila mwenzake na msaidizi wanabaki wamebadilishana, na jozi hiyo ndiyo uliyoitumia kwanza. Umekwama. Ukitumia moja tu, umekwama vibaya zaidi.

Sasa chukua watu saba, au mia saba, waliovurugwa kwa namna yoyote ile. Nenda kwa mmoja, uulize: humu mwako mna akili ya nani? Akikutajia jina, nenda kwenye mwili wa huyo aliyetajwa, uulize swali lile lile. Endelea hivyo. Kwa kuwa watu wana idadi, na kila akili imo mahali pamoja tu, hatimaye utarudi pale ulipoanzia. Umepata mduara. Kama kuna waliobaki nje ya mduara huo, anza na mmoja wao, utapata mduara mwingine. Kila vurugu ya namna hii, iwe kubwa namna gani, ni miduara tu.

Wapange watu wa mduara mmoja kwa zamu: mwili wa kwanza una akili ya wa pili, wa pili una ya wa tatu, na kadhalika, mpaka mwili wa mwisho, ambao una akili ya wa kwanza. Msaidizi mmoja atakuwa wa kuzunguka, mwingine wa kusubiri. Yule wa kuzunguka anabadilishana na mwili wa kwanza, anaibeba akili ya wa pili. Yule wa kusubiri anabadilishana na mwili wa mwisho, anaibeba akili ya wa kwanza, na anakaa nayo. Wa kuzunguka anaenda kwa wa pili, anamkabidhi akili yake, anaichukua ya wa tatu. Anaenda kwa wa tatu, anamkabidhi, anaichukua ya wa nne. Kama tarishi anayegawa barua nyumba kwa nyumba, hadi kwa wa mwisho. Hapo wa kusubiri anainuka, anakwenda kwa wa kwanza, ambaye hajapata kuketi naye, anamkabidhi akili yake. Mduara umekwisha. Wa kuzunguka amekutana na kila mmoja mara moja. Wa kusubiri amekutana na wawili tu. Mwisho wake wasaidizi wenyewe wamebadilishana, kila mmoja yumo kwa mwenzake. Ukifanya mduara wa pili kwa njia hiyo hiyo, wasaidizi wanarudiana wenyewe. Ikiwa miduara ni witiri, mmoja, mitatu, mitano, waketi wao kwa wao mara moja mwishoni.

Ndiyo kanuni yote. Nguvu yake imo katika neno moja, mgeni. Wenyeji wamekwisha kuketi wao kwa wao, na milango yao imefungwa. Wageni hawajawahi kuketi na yeyote, kwa hiyo milango yote kwao iko wazi. Babu zetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, wala hawakuwa na mashine. Na jambo la kushangaza kweli, ambalo lilistahili zile alama mbili za mshangao, ni kwamba wageni wawili wanatosha daima. Wavuruge watu milioni moja, wawili wanatosha.

Turudi kwenye katuni. Viumbe walikuwa tisa. Fry na Zoidberg walikuwa mduara wao wa wawili. Saba waliobaki walikuwa mduara mmoja. Mduara wa wawili unahitaji mabadilishano manne ya wasaidizi, wa saba unahitaji tisa. Miduara ni miwili, kwa hiyo wasaidizi wanajirudia wenyewe. Nne na tisa ni kumi na tatu. Itazame sehemu hiyo, uhesabu mabadilishano ya mwisho, yanayopita kwa kasi huku muziki ukipigwa. Ni 13.

Hesabu hiyo ya vidole ndiyo iliyokatwa gazetini. Nimeandika "msaidizi", "jozi", "mduara", "badilishano". Lipi kati ya maneno hayo limekosekana katika Kiswahili? Tusisingizie lugha. Anayesema lugha haina maneno mara nyingi ni yeye asiyetaka kujitaabisha kuyatafuta, na mara nyingine ni yeye ambaye hajalielewa jambo lenyewe, kwa hiyo hata kwa lugha aliyosomea chuo asingeweza kulieleza.

Naambiwa pia: lakini hiki ni kichekesho, bwana, mbona unakitwisha mzigo? Swali hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linadhani kwamba kuchekesha ni kulegea. Mwandishi wa vichekesho alikuwa na njia nyepesi kumi za kuutoroka mtego ule. Profesa angeunda mashine ya pili. Radi ingepiga. Angetokea kiumbe wa sayari nyingine akawarudisha wote kwa kupiga chafya, na watazamaji wangecheka. Nani angelalamika? Ni katuni. Keeler aliweka sharti gumu mwanzoni mwa hadithi, kisha akakataa kulivunja mwishoni. Kabla ya sehemu hiyo kuonyeshwa, David X. Cohen alilieleza jarida la chama cha wanafizikia wa Marekani kwamba mwenzake ametunga kanuni kwa ajili ya hadithi. Mimi hapo naona uungwana. Mtu amewaheshimu watazamaji ambao wengi wao wasingejua kama wamedanganywa.

Na dhihaka yenyewe imo ndani ya hadithi. Mapema kabisa, Amy anapouliza kama kuna njia ya kurudi, Profesa analitaja neno hisabati kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Halafu wanaokuja kuokoa ni wachezaji wawili wa mpira wa kikapu wa Harlem Globetrotters. Kipindi hicho kilikuwa na utani wa zamani, tangu sehemu moja ya mwaka 2001 iliyoandikwa na Keeler huyo huyo, kwamba Globetrotters wa zama zijazo ni mabingwa wa mpira na wa sayansi kwa pamoja. Watu huuchukulia utani huo juu juu. Lakini timu hiyo ipo kweli, tangu miaka ya 1920, wachezaji weusi waliosifika kwa mizaha uwanjani, mpira ukizungushwa kidoleni na kupitishwa miguuni. Wengi waliwadhania kuwa wachekeshaji tu. Mwaka 1948 walicheza na Minneapolis Lakers, timu yenye nguvu ya wazungu watupu, wakaifunga 61 kwa 59. Mwenye kukaa akafikiri ataona kwamba Keeler hakuwachagua bure watu hao wawaokoe wenzao kwa chaki na ubao. Au pengine aliwachagua kwa kuwa walimchekesha tu. Hilo nalo linanitosha.

Futurama imejaa vitu vya namna hii, na si vyote vina uzito sawa. Namba 1729, ile ambayo Hardy alimwambia Ramanujan kuwa haina maana, akajibiwa papo hapo kwamba ndiyo namba ndogo kuliko zote inayopatikana kwa kujumlisha vipeo viwili vya tatu kwa njia mbili, inajitokeza kila mara: Bender ni mwana wa 1729 wa mama yake, na meli moja ya angani ina namba hiyo ubavuni. Kuna alfabeti ya viumbe wa sayari nyingine iliyochorwa kwenye kuta za mji. Watazamaji waliifumbua haraka, waandishi wakatunga ya pili iliyo ngumu zaidi. Haya ni mapambo. Nayafurahia kama ninavyofurahia nakshi za mlango wa Zanzibar. Lakini ile kanuni ya mwaka 2010 si nakshi, ni mhimili. Uiondoe, nyumba inaanguka. Na hicho ndicho kipimo ninachowashauri wapenzi wa mambo ya nyuma ya pazia: je, ukiliondoa jambo hilo, kazi yenyewe inabadilika? Kama haibadiliki, litaje kwa sentensi moja uende zako. Kama inabadilika, keti chini ulieleze lote.

Wapo watakaosema, na wanahisabati ndio watakaosema kwanza, kwamba kanuni yenyewe ni ndogo, mwanafunzi mwerevu wa chuo kikuu angeweza kuithibitisha kwa jioni moja. Nakubali bila shida. Udogo wake ndio uzuri wake kwangu. Kanuni kubwa nisingeweza kukueleza hapa. Hata hivyo wakubwa hawakuidharau. Mwaka 2014 wanahisabati watatu walichapisha makala katika American Mathematical Monthly, jarida lililoanza mwaka 1894, wakiboresha njia ya Keeler ili itumie mabadilishano machache kadiri inavyowezekana pale miduara inapokuwa mingi. Makala hayo yanaanza kwa kuitaja katuni, bila aibu wala kuomba radhi. Mwaka mmoja baadaye, kwetu, aya sita zilikatwa ili msomaji asisumbuke.

Na msomaji huyo ni nani? Katika mitihani ya kidato cha nne nchini Tanzania, kwa miaka mingi hisabati imekuwa somo ambalo wanaoanguka ni wengi kuliko wanaofaulu. Watoto hao wana wazazi wanaosoma magazeti. Kila gazeti linapomwambia mzazi "hii ni hesabu, hutaielewa, wewe shangaa tu", linamfundisha jambo, na jambo hilo mzazi hulipeleka nyumbani. Mtoto akileta daftari jioni, baba anasema "hata mimi hesabu zilinishinda", na wote wawili wanaona ni jambo la kawaida, kama rangi ya macho. Mhariri wangu alidhani anampunguzia msomaji mzigo. Alimwambia hana mabega.

Nimeijaribu kanuni hii darasani, kidato cha pili, bila kutaja Marekani wala katuni. Niliwapa wanafunzi wanne vipande vya karatasi vyenye majina, wawili wakiwa wamebadilishana, na sharti la kutokurudia jozi. Nikawaacha. Darasa lilikuwa na kelele kwa dakika kama ishirini, wengine wakisimama juu ya madawati kuelekeza. Aliyepata njia alikuwa msichana wa safu ya nyuma ambaye katika zoezi la juma lililotangulia alikuwa amepata alama tatu kati ya ishirini. Alipomaliza alitaka kujua: na kama wangekuwa watano waliovurugika, wasaidizi wangehitajika wangapi? Sikumjibu. Nilimpa karatasi zaidi.